Besi Isiyochoka: Murray Perahia na Koncheto za Kinanda za Bach

CD hii ilifika Tabora ndani ya begi la ndugu yangu mmoja aliyekuwa masomoni ng'ambo, imeviringishwa kwenye fulana isije ikapata mikwaruzo, nami nikakaa nayo wiki mbili bila kuisikiliza kwa sababu redio yangu ya zamani, ambayo ndiyo pekee nyumbani yenye mlango wa CD, ilikuwa kwa fundi. Iliporudi niliisikiliza jioni moja, nikairudia usiku uleule, na tangu hapo sijahesabu tena. Ninaitathmini kama mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda wa parokia, si kama mtaalamu wa muziki wa Ulaya, na msomaji azipime hukumu zangu kwa kipimo hicho.

Ndani yake mna koncheto tatu za Johann Sebastian Bach: ya kwanza katika D maina, ya pili katika E meja na ya nne katika A meja (maina ni ngazi ya sauti yenye huzuni, meja ni ile yenye uchangamfu), ambazo katika orodha ya kazi zake zimepewa namba BWV 1052, 1053 na 1055. Anayepiga ni Murray Perahia, mzaliwa wa New York wa mwaka 1947, akiwa na okestra ya Academy of St Martin in the Fields ya London, na CD ilitolewa na Sony mwaka 2001. Kwa asiyelizoea neno lenyewe, koncheto ni utungo ambamo chombo kimoja kinatoka mbele na kusemezana na kundi, kama vile mwimbishaji anavyotupa neno na waitikiaji wakalidaka, isipokuwa kwamba hapa waitikiaji nao wana hoja zao. Kundi la Bach ni la vyombo vya nyuzi tu, yaani fidla, viola, selo na besi kubwa. Hakuna tarumbeta wala ngoma. Perahia anaiongoza okestra yeye mwenyewe akiwa ameketi kwenye piano, na hakuna mtu mwingine anayesimama mbele na kijiti. Jambo hilo si la kuandikwa kwenye jalada tu, kwa maana linasikika.

Bach hakuandika muziki huu kwa ajili ya piano. Nakala ya koncheto hizi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe ni ya takriban mwaka 1738, wakati huo akiwa Leipzig, Ujerumani, ambako pamoja na kazi yake ya kanisani aliongoza kikundi cha wanamuziki kilichopiga katika nyumba ya kahawa ya bwana Zimmermann, siku za baridi kila Ijumaa jioni. Sisi tuliozoea kunywa kahawa chungu barazani, kikombe kidogo mkononi na kipande cha kashata pembeni, hatuna shida ya kuelewa kwamba mahali pa kahawa panaweza kubeba mazungumzo mazito. Lililo gumu kwangu ni kufikiri kwamba watu walikunywa kahawa huku wakisikiliza Adagio, yaani sehemu ya pili, ile ya taratibu, ya koncheto ya D maina, nami nadhani vikombe vilipoa.

Chombo alichokikusudia ni hapsikodi. Ukibonyeza kibao chake, kijiti chenye ncha ya unyoya hudonoa waya, na hata ubonyeze kwa hasira au kwa upole, sauti hutoka kwa ukubwa uleule. Wapigaji wa vinanda vya umeme vya bei nafuu tunaijua hali hii kuliko tunavyodhani, kwa sababu vinanda vile navyo havijali kidole kimeshuka kwa nguvu gani, na mpigaji hulazimika kutafuta hisia kwa njia nyingine: kwa kuikata noti mapema, kwa kuichelewesha kidogo, au kwa kuongeza mapambo. Piano ni kitu kingine. Ndani yake nyundo ndogo iliyovikwa sufu ngumu hupiga nyuzi, na uzito wa kidole husikika wote. Kwa hiyo mpiga piano anayeshika utungo wa hapsikodi anaingia akiwa na mali nyingi kuliko mwenye nyumba, na hatari yake ni ile ya mgeni tajiri anayebadilisha samani za watu. Perahia hafanyi hivyo. Anautumia uwezo wa piano, tena hauonei haya, lakini anautumia kutenganisha sauti za ndani zisikike kila moja kwa jina lake, si kuzikuza na kuzididimiza kama mawimbi.

Sehemu ya kwanza ya koncheto ya D maina inaanza na vyombo vyote, piano ikiwemo, vikisema neno moja kwa sauti moja, bila wa kupatanisha. Ni mwanzo mkali, wa kuruka kutoka chini kwenda juu na kurudi, na kwaya yoyote iliyowahi kujaribu kuanza wimbo kwa unisoni inajua kwamba hapo hakuna mahali pa kujificha, kwani aliyechelewa anaonekana kama chawa kwenye shuka jeupe. Okestra hii haichelewi. Hata hivyo, kwa masikio yangu, ni safi kupita kiasi: fidla zimepigwa msasa hadi zikang'aa, na neno lile la kwanza, ambalo lingetakiwa kuwa na makali ya panga lililotoka kunolewa, linafika likiwa na makali ya kisu cha siagi. Nimeisikiliza mara nyingi nikitumaini kuzoea, na sijazoea.

Baada ya hapo piano inajitenga na kuanza safari yake, na katikati ya safari kuna kifungu ambacho kila anayesikiliza atakijua bila kuelekezwa. Noti moja inabaki palepale, inagongwa na kugongwa, huku nyingine zikipanda na kushuka kuizunguka kama nyuki kwenye mlango wa mzinga. Mchezo huo ni wa fidla: mpigaji hupitisha upinde kwa zamu kwenye uzi ulio wazi na uzi wa jirani ulioshikwa kwa kidole, na mkono unapata kazi nyepesi inayosikika kama kazi nzito. Kwa sababu ya vifungu vya namna hii wataalamu wengi wanaamini kwamba koncheto hii ilizaliwa kama koncheto ya fidla iliyopotea, kisha Bach akaihamishia kwenye vibao. Kwenye piano hakuna uzi ulio wazi. Kila noti lazima itafutwe na kidole, na kile kilichokuwa mteremko kwa mpiga fidla kinakuwa mlima kwa mpiga kinanda.

Hapa nalazimika kumtaja Glenn Gould, mpiga piano wa Toronto, kwa sababu rekodi yake ya koncheto hii ya mwaka 1957, akiwa na kiongozi wa okestra Leonard Bernstein na okestra ya Columbia Symphony, ndiyo niliyokuwa nayo kwenye flashi miaka mingi kabla ya kumsikia Perahia. Gould anakipiga kifungu hiki kama mtu anayepukuchua mahindi, punje moja moja, kavu, na kila punje inasikika ikigonga bakuli. Perahia anakipiga kama mtu anayemimina mahindi yaleyale kutoka kwenye debe: mtiririko ni mzuri, hauna mwanya, lakini punje zimepoteza majina. Katika kifungu hiki nampa Gould ushindi bila kusita, ingawa yeye ana tabia ya kuguna na kuimba chini kwa chini akipiga, nako kuguna kumeingia kwenye rekodi, na mtu asiyejua anaweza kudhani spika imeanza kuharibika. Mimi mwenyewe niliwahi kuifungua spika yangu bure.

Lakini sikuandika tathmini hii kwa ajili ya sehemu ya kwanza. Niliiandika kwa ajili ya ya pili.

Adagio iko katika G maina, kwa mapigo matatu ya taratibu, na inaanza kwa besi peke yake. Okestra na piano vinaimba pamoja mstari mmoja wa chini, mstari wenye hatua pana unaosita na kuendelea, na hakuna anayeufunika. Ukimalizika unaanza upya katika ufunguo mwingine, na mwingine tena, na juu yake piano inaimba wimbo mrefu wenye mapambo, wimbo ambao haujirudii kama besi inavyojirudia, hadi mwisho ambapo wimbo wa juu unanyamaza na ule mstari wa chini unasimama tena peke yake kama ulivyoanza. Katika kwaya zetu besi ndiye anayelalamika kwamba amepewa kazi ya kusema do na so mwaka mzima wakati sopurano anapata maua yote. Ningependa kila besi wa Tabora aisikie Adagio hii, kwa sababu ndani yake besi ndiye mwenye wimbo, na sopurano ni mgeni aliyekaribishwa.

Bach mwenyewe aliupeleka muziki huu kanisani. Katika kantata yake, yaani utungo wa kuimbwa pamoja na vyombo, yenye namba BWV 146, sehemu mbili za kwanza za koncheto hii zinatumika tena, kinanda cha kanisa kikichukua nafasi ya hapsikodi, na juu ya Adagio hiihii akaweka kwaya ya sauti nne inayoimba maneno ya Matendo ya Mitume, sura ya 14, yanayosema kwamba hatuna budi kupita katika dhiki nyingi ndipo tuuingie ufalme wa Mungu. Hakuondoa besi wala hakuirahisisha. Kwaya imeongezwa juu ya kitu ambacho tayari kilionekana kimejaa, na kila anayejua kupanga sauti nne kwa sol-fa atakubali kwamba kuongeza sauti nne juu ya utungo uliokamilika bila kuuvunja ni kazi ambayo wengi wetu tusingethubutu hata kuianza. Nilipoyajua maneno hayo nilirudi kwa Perahia, na nikamsikia kama mtu anayepiga huku anayajua.

Nieleze ninachokisikia. Mkono wa kushoto haupigi besi kama msingi wa nyumba, kitu cha kuwekwa chini na kusahauliwa. Kila noti inapata uzito kidogo inapoanza, kisha inaachiwa kabla haijaigusa inayofuata, kwa hiyo kati ya hatua na hatua kuna pumzi fupi. Mstari unaporudi mara ya tatu au ya nne, ukubwa wa sauti haubadiliki sana, ila hiyo pumzi inarefuka kwa unywele mmoja pale wimbo wa juu unapofika kwenye noti chungu, kana kwamba aliye chini amegeuka kumtazama mwenzake kisha akaendelea. Hili ndilo jambo lisilowezekana kama kiongozi wa okestra ni mtu mwingine, kwa sababu selo na besi kubwa zinapumua hapohapo anapopumua yeye. Hawamfuati, wanakwenda naye. Mkono wa kulia nao una mapambo mengi, mitetemo na vipande vya ngazi, na wapigaji wengi huyaharakisha ili yasikike kama ustadi. Perahia anayaimba. Anauanza mtetemo polepole, anauchangamsha katikati, anautuliza kabla ya kuufunga, kama sauti ya mtu inavyofanya kwa tabia yake bila kufundishwa.

Mzee mmoja wa besi katika kwaya yetu alipita nyumbani Jumamosi moja kuchukua nakala za nyimbo za Jumapili, nikamwomba akae asikilize. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono juu ya mkongojo. Ilipofika katikati akaniuliza, "Mwalimu, huyu wa chini hapumziki?" Nikamjibu, "Hapumziki, mzee wangu, mpaka mwisho." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi huyo ni mwenzangu."

Tabora hii, enzi wasafiri wakiiita Kazeh, ilikuwa kituo cha misafara kati ya Pwani na Ujiji, na babu zetu Wanyamwezi walijulikana kote kwa kubeba mizigo mwendo wa miezi. Huenda natia chumvi, lakini nikiisikia besi ya Adagio hii, yenye kusita na kuendelea, siwezi kuacha kumwona mpagazi anayebadilisha bega bila kuutua mzigo. Gould katika sehemu hiihii anakwenda taratibu zaidi, na ukimya wake ni mzito, wa kuogofya kidogo. Lakini yeye anabaki peke yake katika ukimya huo, na okestra iko chumba cha pili. Kwa Perahia wote wako njiani.

Kuna habari ya maisha yake ambayo sikuijua niliposikiliza mara ya kwanza. Mwaka 1990 alijikata kidole gumba cha mkono wa kulia kwa karatasi, jeraha likapata maambukizi, na kwa vipindi kadhaa akalazimika kukaa mbali na piano, akawa anausoma muziki wa Bach wakati hawezi kuupiga. Sipendi kuuelezea muziki kwa magonjwa ya wapigaji, kwa kuwa wapo wengi waliougua na bado wakapiga vibaya. Ila mkono wa kushoto ninaousikia hapa ni wa mtu aliyekaa na karatasi ya noti kwa muda mrefu bila kelele, akiifuata kila sauti kwa macho, na si wa mtu aliyeanza kwa kukimbiza vidole.

Sehemu ya tatu inarudisha haraka na ukali, mapigo matatu tena lakini ya kukimbia, na Perahia anaipiga kwa furaha ambayo sikuitegemea katika D maina. Karibu na mwisho okestra inasimama na piano inabaki na kifungu kifupi cha peke yake. Anakipita bila mbwembwe na kurudi kwa wenzake. Sina zaidi la kusema.

Koncheto mbili zilizobaki nitazipitia upesi, si kwa sababu ni dhaifu, bali kwa sababu sehemu kubwa ya jioni zangu imeishia kwenye ile ya kwanza. Ile ya A meja ni nyepesi na ya mchana, na sehemu yake ya kati, katika F-shapu maina, ina besi inayoteremka ngazi kwa upole ambayo anayeifuata ataona ni ndugu wa mbali wa ile Adagio. Ile ya E meja ni ndefu zaidi na, kwangu mimi, sehemu yake ya kwanza inachosha kidogo, kwa kuwa piano imewekwa karibu mno na msikilizaji na fidla zinajibu kutoka mbali, kama waitikiaji walioachwa nje ya mlango wa kanisa. Sehemu ya kati inafidia yote: ni ule mwendo wa kubembea wa mapigo kumi na mawili, uitwao Siciliano, ambao Bach aliutumia pia katika kantata, na mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha nyimbo za Noeli za mapigo sita atautambua kabla ya bari ya pili kwisha.

Kwa anayetaka kuinunua au kuitafuta kwenye intaneti, onyo langu ni moja: usiisikilize kwa spika ya simu. Nilijaribu kwenye daladala kutoka Isevya, na pia mezani kukiwa kimya, na matokeo ni yaleyale: spika ndogo inaimeza besi yote, kinachobaki ni mkono wa kulia unaopamba hewa tupu, na Adagio inageuka kuwa muziki wa kungojea simu ipokelewe. Tumia redio kubwa, au spika za masikioni zenye kushika sauti za chini, na usiku ni bora kuliko mchana. Usiku wa kwanza umeme ulikatika kwetu besi ikiwa inarudi kwa mara ya mwisho, nikabaki gizani nikiimalizia kwa mdomo, na nikagundua kwamba nilikuwa tayari ninaijua yote.

Nimeanza kuinukuu besi hiyo kwa sol-fa kwenye daftari la kwaya, niwafundishe wale wanne wa mstari wa nyuma. Kwaya ya BWV 146 haiko katika uwezo wetu, lakini mstari wa chini tutauweza. Wanaotaka kuisikia CD yenyewe waje nyumbani Jumamosi baada ya mazoezi, kuazimisha siazimishi.